Oksitosini Si "Homoni ya Mapenzi": Funzo kutoka Bongo za Voli na Fuko

Aghalabu kurasa za majarida ya vyama vya Kiswahili husheheni mijadala ya fasihi, isimu na sera ya lugha. Panya akionekana humu huwa amekuja na methali au ngano: ametawala kwa kuwa paka ameondoka, au anatafutwa wa kumfunga paka kengele. Makala haya yanamkaribisha panya kwa mlango mwingine. Yanahusu mambo ambayo wanasayansi wameyaona ndani ya bongo za wagugunaji wa spishi mbalimbali walipolinganisha mifumo ya nyuropeptidi. Yanahusu pia jinsi sisi wenye Kiswahili tulivyoyapokea maarifa hayo kwa jina moja lisilofaa, yaani "homoni ya mapenzi".

Jina hilo tunakutana nalo magazetini, redioni na katika mitandao. Msomaji huelezwa kwamba mapenzi ni oksitosini, na kwamba mwenye oksitosini nyingi hupenda sana ilhali aliyepungukiwa nayo hana huba. Msimamo wangu ni kwamba hiyo ni tafsiri mbovu ya utafiti mzuri. Isitoshe, ulinganishi wa wagugunaji uliozaa umaarufu wa jina hilo ndio unaolikanusha. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu katika suala hili, kwa sababu kosa lenyewe ni la lugha kabla ya kuwa la sayansi.

Nyuropeptidi ni nini?

Nyuropeptidi ni molekuli ndogo zilizoundwa kwa asidi amino chache, ambazo seli za neva huzitengeneza na kuzitumia kupashana habari. Mbili kati ya hizo ndizo zitakazotushughulisha hapa: oksitosini na vasopresini. Kila moja ina asidi amino tisa, na baina yao zinatofautiana mbili tu. Ni kama maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana, mfano wa "pinda" na "panda".

Historia ya oksitosini haikuanzia kwenye mapenzi. Mnamo mwaka 1906, Henry Dale wa Uingereza aliona kwamba dondoo la tezi ya pituitari huufanya mfuko wa uzazi ujikaze. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake nchini Marekani waliiunda oksitosini maabarani, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wakunga na wauguzi wetu wanaijua vyema, maana ndiyo dawa wanayomdunga mama aliyejifungua ili asivuje damu kupita kiasi. Vasopresini nayo huziwezesha figo kuhifadhi maji mwilini. Kwa hivyo, molekuli zilizokuja kupewa sifa za huba zilijulikana kwanza kwa kazi za mfuko wa uzazi na figo.

Ili nyuropeptidi ifanye kazi, sharti seli inayoipata iwe na kipokezi chake, yaani protini maalumu inayokaa juu ya seli na kuitambua. Tukitaka mfano wa kwetu, tuichukue mbiu ya mgambo. Mbiu ikilia husikika na wenye masikio. Kijiji chenye masikio mengi huitika, na kisicho nayo huendelea na shughuli zake kana kwamba hapakulia kitu. Nyuropeptidi ndiyo mbiu, na vipokezi ndivyo masikio. Anayetaka kujua kwa nini viumbe wawili waliosikia mbiu moja wanatenda mambo mawili tofauti, na auulize mpangilio wa masikio.

Ndugu wawili wasiofanana mwenendo

Katika nyanda za nyasi za Amerika Kaskazini anaishi mgugunaji mdogo ambaye sayansi humwita Microtus ochrogaster. Hana jina la Kiswahili kwa kuwa hayupo katika mazingira yetu, na kumwita panya ni kumpa ukoo usio wake. Nitatohoa na kumwita voli wa mbugani. Katika jimbo la Illinois, mwanaikolojia Lowell Getz alikuwa akiwatega voli hawa, akawahesabu na kuwaachilia. Akaona jambo lisilo la kawaida: mara nyingi dume na jike walewale walinaswa pamoja katika mtego mmoja, tena na tena. Kwa kushirikiana na Sue Carter, ilibainika kwamba voli hawa huishi jozijozi, hushirikiana kujenga kiota na kulea watoto, na kwamba dume humfukuza mgeni anayekaribia. Sifa hii ni adimu, maana ni asilimia chache tu za spishi za mamalia zinazoishi hivyo.

Voli wa mbugani ana ndugu wa karibu, Microtus montanus, ambaye tutamwita voli wa mlimani. Kwa umbo wanashabihiana mno. Kwa mwenendo wameachana kabisa: voli wa mlimani huishi peke yake, hupandana na kwenda zake, na dume hana habari na watoto. Hapa ndipo ulinganishi unapopata nguvu. Mwanafunzi wa fasihi linganishi anaijua kanuni hii. Tukilinganisha ngano ya sungura na fisi kama inavyosimuliwa na jamii mbili jirani, kila tofauti tunayoiona ina maana, kwa sababu mengine yote yanalingana. Tukilinganisha ngano hiyo na riwaya ya kisasa, tofauti ni nyingi hata hakuna moja inayoeleza lolote. Voli wawili hawa ni matini mbili za ngano moja.

Mwaka 1992 Thomas Insel na Lawrence Shapiro walichapisha matokeo ya kulinganisha bongo zao. Walikata ubongo vipande vyembamba, wakavipaka kemikali yenye mnururisho inayonata kwenye vipokezi vya oksitosini, kisha wakavilaza juu ya filamu. Palipo na vipokezi vingi filamu ilitia weusi. Picha za spishi hizi mbili zilitofautiana waziwazi. Voli wa mbugani alikuwa na vipokezi vingi katika sehemu kama kiini cha akumbensi, ambacho huhusika na hisia ya kutuzwa na kutamani kurudia jambo. Voli wa mlimani alikuwa navyo kwingine, mathalani katika septamu ya pembeni. Mbiu ilikuwa ileile. Masikio yalikuwa vijiji tofauti.

Utafiti huo ulikuwa na jambo jingine ambalo husahaulika. Voli jike wa mlimani, ambaye kwa kawaida hana haja ya mwenzake, hubadilika anapozaa na kuwashughulikia watoto wake. Watafiti waliona kwamba ndani ya siku moja ya kuzaa, mpangilio wa vipokezi katika ubongo wake nao ulikuwa umebadilika. Masikio hayo, basi, hayakupigiliwa misumari. Huhama na wakati na hali ya kiumbe.

Majaribio yalivyosonga mbele

Baada ya hapo hamu iliwahamia madume na vasopresini. Mwaka 1999 kundi la Larry Young liliipandikiza jeni ya kipokezi cha vasopresini ya voli wa mbugani katika panya wa maabara. Panya hao walipopewa vasopresini walijitia karibu zaidi na wenzao kuliko panya wa kawaida. Mwaka 2004 Miranda Lim, Young na wenzao, wakiwa Chuo Kikuu cha Emory, walimchukua voli wa malishoni, Microtus pennsylvanicus, ambaye naye haishi jozijozi. Kwa kutumia virusi kama chombo cha kubebea jeni, waliongeza kipokezi hicho katika sehemu ya mbele ya ubongo wa madume. Madume hayo yakaanza kumchagua jike waliyemzoea badala ya mgeni.

Habari hizi zilipoenea, vyombo vya habari vya dunia vilishangilia kwamba jeni ya uaminifu imepatikana. Mwaka 2008, utafiti uliofanywa Uswidi ulipoonyesha uhusiano kati ya aina mojawapo ya jeni ya kipokezi cha vasopresini kwa wanaume na hali ya ndoa zao, magazeti yalitangaza "jeni ya uzinzi". Uhusiano wenyewe ulikuwa mdogo, nao haukutosha kutabiri mwenendo wa mtu yeyote mmoja. Lakini kichwa cha habari kilikuwa kimeshapaa.

Wakati huohuo sayansi yenyewe ilikuwa ikijisahihisha. Ilidhaniwa kwamba kipande fulani cha DNA kinachojirudiarudia karibu na jeni hiyo ndicho kinachowatenganisha wanaoishi jozijozi na wasioishi hivyo. Mwaka 2006 Sabine Fink na wenzake waliangalia mamalia wengi zaidi, wakakuta kipande hicho hata kwa spishi nyingi zisizoishi jozijozi. Maelezo yaliyowafaa voli wawili hayakuwafaa mamalia wote. Pigo kubwa zaidi likaja mwaka 2023. Kundi lililoongozwa na Devanand Manoli na Nirao Shah huko California lilitoa ripoti kuhusu voli wa mbugani waliozaliwa bila kipokezi cha oksitosini kinachofanya kazi. Kwa mujibu wa madai ya "homoni ya mapenzi", voli hao wangepaswa kuwa wapweke. Lakini walichagua wenzi, wakashikamana nao, na majike wakazaa na kunyonyesha, ingawa watoto waliofanikiwa kukua hadi kuachishwa walikuwa wachache kuliko kawaida.

Je, hii ina maana kwamba utafiti wa tangu 1992 ulikuwa bure? La hasha. Kuwaondolea voli wazima kazi ya kipokezi kwa dawa si sawa na kuzaliwa bila kipokezi hicho. Ubongo unaokua bila njia moja huenda hujitafutia nyingine. Linalodhihirika ni kwamba kushikamana kwa jozi kunabebwa na mifumo mingi inayosaidiana, na hakuna molekuli moja inayostahiki kuvishwa taji peke yake.

Fuko wa ardhi yetu

Msomaji anaweza kuuliza: voli wa Illinois wanatuhusu nini? Ulinganishi huu umefika hadi ardhini mwetu. Katika maeneo makavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya. Mkulima anamjua kwa vichuguu na kwa viazi vilivyogugunwa chini kwa chini. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alieleza jambo lililoushangaza ulimwengu wa elimu: fuko huyu huishi kama nyuki na mchwa. Kundi la makumi ya fuko, wakati mwingine hata mia kadhaa, lina malkia mmoja anayezaa na madume wachache anaopandana nao. Waliosalia huchimba, hulinda na hulea watoto wasio wao.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolinganisha vipokezi vya oksitosini katika ubongo wa fuko huyu na wa fuko wa Rasi aishiye Afrika Kusini, ambaye ni mkaa pweke. Katika kiini cha akumbensi, fuko wetu alikuwa na vipokezi vingi kuliko mpweke yule. Hii ni sehemu ileile iliyomtofautisha voli wa mbugani na yule wa mlimani. Hata hivyo, fuko wetu haishi jozijozi. Maisha yake ni ya kundi, utii na kazi ya pamoja, na walio wengi hawapati mwenzi kamwe.

Tukisisitiza jina la "homoni ya mapenzi", tutasema nini juu ya fuko mfanyakazi anayebeba mchanga maisha yake yote kwa ajili ya watoto wa malkia? Je, naye ana mahaba? Jina linatukwamisha. Lakini tukisema kwamba oksitosini, inapokutana na vipokezi katika sehemu za ubongo zinazohusika na kutuzwa, huenda ikafanya ukaribu na wengine uwe jambo la kutafutwa, basi voli na fuko wote wanapata nafasi katika sentensi moja, na kila mmoja anabaki na mwenendo wake.

Kosa la lugha na madhara yake

Kiswahili si lugha maskini katika uwanja huu. Tuna mapenzi, upendo, mahaba, huba, ashiki na nyonda, na kila neno lina mahali pake. Mama humpenda mwanawe bila ya kumfanyia mahaba, na hakuna Mswahili anayechanganya hayo mawili. Tena lugha yetu imeyapa mapenzi makao mwilini: hukaa moyoni, na maneno ya uchungu hukata maini. Kuwaambia watumiaji wa lugha hii kwamba ubongo nao unahusika ni kuwaongezea maarifa. Kuwaambia kwamba "mapenzi ni homoni" ni kuwanyang'anya tofauti ambazo lugha yao imezilinda kwa karne nyingi.

Hali ni hiyohiyo kwa neno "uaminifu". Vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba hata miongoni mwa voli wa mbugani wanaoishi jozijozi, baadhi ya watoto wamezaliwa na dume mwingine. Watafiti makini hutenganisha kuishi pamoja na kutopandana na wengine. Sisi tukitafsiri yote mawili kwa "uaminifu" au "ndoa", tunaingiza maadili pasipo maadili. Uaminifu ni ahadi, na ahadi hutolewa na mwenye hiari. Ndoa ina mahari, mashahidi na wazee. Voli hana hata kimoja.

Madhara ya kosa hili si ya kinadharia. Mume anayemtesa mkewe kwa michepuko atasema kwamba jeni zake ndizo zilizomtuma, na atadai kwamba sayansi imesema. Kijana aliyeachwa atauziwa kinyunyizio cha puani kwa ahadi ya kumrudisha mpenzi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au aliyeshindwa kunyonyesha, ataambiwa kwamba amekosa homoni ya kumpenda mtoto wake. Maneno hayo humuumiza mtu halisi, nayo yamejengwa juu ya utafiti ambao haukusema hivyo.

Wapo watakaopinga kwamba jina rahisi huwavuta wasomaji, na kwamba raia wa kawaida hatasoma habari yenye kichwa "kipokezi cha nyuropeptidi". Hoja hiyo ina uzito, lakini inamdharau msomaji. Wakulima wetu wanatofautisha aina za mbegu kwa majina, na mabaharia wa pwani wanatofautisha kaskazi, kusi na matlai. Watu hao hawashindwi na tofauti baina ya mbiu na sikio iwapo wataelezwa kwa Kiswahili safi. Wengine watasema kazi hii ni ya wanabiolojia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, nayo ni ushahidi kwamba wanalugha na wanasayansi wanaweza kukaa meza moja. Istilahi huhitaji anayelijua jambo na anayeijua lugha.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, oksitosini na vasopresini ziitwe kwa majina yake yaliyotoholewa, na panapohitajika maelezo tuseme "homoni ya uzazi na ukaribu" badala ya "homoni ya mapenzi". Pili, uhusiano wa voli uitwe "kushikamana kwa jozi", na mtindo wao wa maisha uitwe "kuishi jozijozi", ili "ndoa" na "uaminifu" yabaki kuwa maneno ya binadamu. Tatu, wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu katika tafsiri na istilahi wachague hata habari moja ya sayansi iliyochapishwa kwa Kiswahili, waifuate hadi kwenye utafiti wenyewe, waone ni nini kilichopotea njiani. Tumezoea kuzifuatilia tafsiri za riwaya na tamthilia kinaganaga. Tafsiri zinazomfikia mama katika wodi ya wazazi zinastahili umakini uleule.

Hitimisho

Miongo zaidi ya mitatu ya kulinganisha voli, panya na fuko imetufunza kwamba molekuli moja haina maana moja. Maana yake hutegemea mahali inapopokelewa, wakati inapopokelewa na kiumbe kinachoipokea. Mwanafunzi wa isimu hawezi kushangazwa na hilo, kwa kuwa tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba neno hupata maana katika muktadha. Basi itakuwa ajabu ikiwa sisi, tunaokataa kulitoa neno katika muktadha wake, ndio tutakaoiacha molekuli itangazwe kwa Kiswahili bila muktadha wowote. Wanabiolojia wametimiza wajibu wao kwa kuyarekebisha madai yao hadharani mwaka baada ya mwaka. Zamu ya kurekebisha maneno ni yetu.